Jino la Uongo na Meza ya Ghorofa ya Kumi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwisha! Baba mkwe anakuja Jumapili.

Mke wangu amepiga simu asubuhi nikiwa na karai la zege kichwani. Nikapokea hivyo hivyo, mkono mmoja karai, mkono mmoja simu. Akasema baba yake amechoka kusikia habari zangu za vyakula, sasa anataka kuziona kwa macho. Anakuja kumtazama huyo mume anayekula kuku wa kuokwa Jumanne na samaki wa mchuzi mzito Alhamisi, huku mkewe yuko kwa wazazi mwaka wa pili. Akiridhika, mwisho wa mwezi mke wangu anakuja kukaa nami, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho mwenye nyumba ameniahidi. Asiporidhika, mimi ndiye nitakayerudi, nikachimbe naye visima. Mzee amechimba visima maisha yake yote. Haongei. Akikutazama unajiona uko chini ya kisima.

Kosa ni langu, lakini si lote. Kila jioni nikitoka kazini napita mtaa wa hoteli. Kila hoteli imetundika ubao mlangoni wenye majina ya vyakula. Mimi husimama, husoma, humpigia mke wangu, humsomea. Sijawahi kumwambia kwamba nimekula. Husema tu, leo kuna supu ya uyoga. Mengine anayajaza yeye. Sawa, mara moja nilisema nimeshiba. Mara mbili.

Ukweli ni kwamba nakula maharage ya Mama Sufuria, mpishi wetu hapa kwenye ujenzi. Maharage Jumatatu, maharage Jumamosi. Matamu, sikatai. Lakini huwezi kumsomea mkeo maharage miaka miwili.

Mpango nimeupata saa nne, ngazi ya ghorofa ya tatu. Wiki hii nitakula kila siku hoteli tofauti. Wanizoee sura. Jumapili nikiingia na mzee, wahudumu waseme karibu tena bwana, meza yako ile pale. Basi! Mzee atashindwa hata kukunja uso.

Tatizo lilikuwa muda. Nikamwendea Mnyapara nimeshika shavu. Nikamwambia jino linaniua. Mnyapara ana sauti kubwa na huruma ndogo, lakini mwaka jana aling'olewa magego mawili, kwa hiyo kwenye meno ni mtu mwingine kabisa. Akanitazama kama ndugu. Akaniongezea saa nzima kila mchana wiki hii, niende kwa daktari.

Kasoro moja. Mama Sufuria alisikia. Akanipokonya sahani ya maharage, akasema mtu mwenye jino hali vitu vya kutafuna. Akanipikia uji peke yangu. Akasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nikalamba bakuli.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ushindi! Tena ushindi ambao sikuutafuta.

Niliondoka saa sita nikiwa nimevaa koti la Mpiga Plasta. Huyu ndiye mwenzangu wa chumba. Ana koti moja na maringo ya makoti kumi. Amenikopesha kwa masharti mawili: nimfulie wiki nzima, na nimletee chochote kitakachobaki sahanini. Akasema nikikataa, jino langu litapona mbele ya Mnyapara. Mtu mbaya.

Nilianza na Hoteli ya Tambi. Wenyewe ni mume na mke, wapole, maneno machache. Tumbo langu lilikuwa limejaa uji wa Mama Sufuria mpaka kooni. Nikaagiza bakuli dogo. Wakaniletea na vijiti viwili. Nikasubiri kijiko. Hakikuja. Nikatazama jirani anavyofanya. Yeye anashika tambi kama anamshika mtoto mkono. Mimi zangu zikarudi majini zote. Nikazichoma kwa vijiti kama ninavyochokoa moto wa mbao. Nikapata tambi moja. Ndefu! Niliivuta mpaka nikahisi inatoka jikoni.

Halafu meza ilikuwa inayumba. Mimi meza ikiyumba siwezi kula. Ni ugonjwa wa kazi. Mfukoni huwa na pima maji ndogo, ile ya kuangalia kama tofali limelala sawa. Nikaitoa, nikaiweka mezani, nikainama kutazama povu liko upande gani. Kisha nikatoa daftari hili, linalofanya kazini waniite Karani, nikaandika kwamba tambi zimenishinda.

Nilipoinua kichwa, hoteli nzima ilikuwa inanitazama.

Mume alisimama mlangoni mwa jikoni amekunja mikono kama yuko kanisani au msikitini. Mke akaja mbio na kipande cha kadibodi, akakisukuma chini ya mguu wa meza. Akauliza kama sasa iko sawa. Nikatazama pima maji. Nikasema iko sawa. Akashusha pumzi. Vikaja vitumbua vya nyama ambavyo sikuviagiza. Ikaja chai. Nilipotaka kulipa, wakarudi nyuma wote wawili kana kwamba nimewaonyesha nyoka.

Nilielewa nikiwa barabarani. Wamedhani mimi ni mkaguzi!

Sikusema mimi ni mkaguzi. Naandika hapa ili ijulikane. Niliandika tu na kupima.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimekwenda kwa makusudi. Pima maji mfuko wa kushoto, timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia ukuta, mfuko wa kulia, daftari mkononi.

Hoteli ya Majani. Humo hakuna nyama, wala harufu ya nyama, wala picha ya nyama. Mwenyewe ni mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Nikakaa. Hakuna aliyenitazama. Nikaweka pima maji mezani. Meza iko sawa kama maji ya mtungi! Nikapima kiti. Sawa. Nikapima dirisha. Nikaanza kukasirika.

Nikatoa timazi, nikainua kamba mbele ya picha ya kabichi iliyotundikwa ukutani. Ah! Imepinda kidole kizima. Nikatikisa kichwa taratibu, nikaandika. Hapo ndipo mama alipokuja. Akauliza kwa adabu kama natoka ofisi za jiji. Nikamjibu kwamba mtu hutoka sehemu nyingi. Nililipenda sana jibu hilo.

Akaleta sahani sita. Nikafurahi. Nikatazama ndani. Sahani pana kama karai, katikati yake jani limelala juu ya jani jingine. Ya pili, karoti iliyochongwa ikawa ua. Ya tatu, kitu cha kijani kilichosagwa na kupakwa kama plasta nyembamba. Hata Mpiga Plasta hapaki hivyo, yeye mkono wake ni mzito. Nilikula kila kitu, nikala na lile ua, nikamwekea Mpiga Plasta kipande chake kimoja. Nikamuuliza mama kama mbuzi yuko nyuma anakuja. Akacheka akadhani natania.

Nimerudi kazini na njaa kuliko nilivyoondoka. Nikashukuru uji. Mama Sufuria akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema nile majani. Akaenda kunichumia.

Mpiga Plasta ameletewa karoti. Amenuna.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siwezi kuandika vizuri, jasho linadondokea karatasi.

Hoteli ya Pilipili. Ubao wa mlangoni una michoro ya pilipili, moja kwa wageni, tano kwa wenyewe. Mhudumu akauliza ngapi. Mkaguzi hawezi kusema moja. Nikasema tano, weka na ya sita ya ukaguzi.

Kijiko cha kwanza, hakuna kitu. Nikawaza watu wanapenda kutia chumvi. Kijiko cha pili nikiwa nimekiinua, cha kwanza kikawasili. Mama yangu! Masikio yakaziba. Nikaona ghorofa zote nilizowahi kujenga. Machozi yakatoka mawili mawili, pua ikafuata. Nikataka maji, ulimi ukakataa kutamka. Nikaandika kwenye daftari neno MAJI nikamwonyesha mhudumu. Akakimbia nalo kwa mwenye hoteli. Mwenye hoteli, mtu wa kitambi, akalisoma, akageuka rangi, akawafokea watu wa jikoni kwamba mkaguzi amegundua habari ya maji. Sijui habari gani. Nilisikia mapipa yanasuguliwa.

Kisha akaja, akaniona ninavyolia, akakaa pembeni yangu. Akasema tangu afungue hoteli hajawahi kuona mtu akiguswa hivyo na chakula cha mama yake. Akalia na yeye. Tukalia wote. Akanifungia nyama kwenye karatasi.

Nimerudi midomo imevimba kama nimepigana na nyuki. Mnyapara aliponiona akavua kofia. Akawaita mafundi wote waje watazame jino linavyoweza kumfanya mwanamume. Akasema yeyote atakayenibebesha karai leo atakutana naye. Nikakaa kivulini nikihesabu ndege. Mama Sufuria alikuja na kitambaa cha maji baridi, akakishika mwenyewe shavuni pangu, anaimba kidogo kidogo. Mikono yake inanuka kitunguu na moshi. Akasema mama yako hayupo hapa, basi nipo mimi.

Hapo niliona aibu. Ilidumu mpaka saa tisa. Kisha nikakumbuka visima.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Balaa!

Nimekwenda Hoteli ya Samaki. Imefungwa. Karatasi mlangoni: TUNASAFISHA. Nikaenda kwa watu wa mikate ya kujaza. Wanasafisha. Hoteli ya Pilipili, mapipa yako nje, wafanyakazi wamevaa glavu. Nikarudi kwa Tambi. Mume na mke wako chini ya meza, wanapigilia miguu misumari, kila meza. Waliponiona wakainuka, wakainamisha vichwa, wakasema watafungua wiki ijayo, niwaombee radhi kwa wakubwa.

Mtaa mzima umefungwa kwa sababu yangu! Yule muuza magazeti wa kwenye kona akaniambia kwa siri kwamba kuna mkaguzi anazunguka, mtu hatari sana, hapokei chochote ila anakula kila kitu, na analia akiona uchafu. Akauliza kama nimemwona. Nikasema nimemwona kwa mbali.

Kwa hiyo Jumapili hakuna hoteli hata moja ya kumpeleka mzee. Siku tano nimejenga, nimebomoa mwenyewe.

Mpiga Plasta amefurahi sana. Amelala kitandani kwake anapiga mluzi. Ameniambia kuchimba visima si kazi mbaya, kuna ubaridi kule chini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeokoka! Imebaki moja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Hoteli ya ghorofa ya kumi. Haiko mtaani, iko angani, kwa hiyo habari za mkaguzi hazijapanda.

Jengo lile nalijua. Nililijenga mimi. Yaani nilipandisha zege lake kichwani, kutoka chini mpaka juu, chini ya Mnyapara huyu huyu. Leo nimefika mlangoni, miguu ikaenda yenyewe kwenye ngazi. Nikapanda ghorofa kumi. Nilipofika juu nikihema, lifti ikafunguka, wakatoka mabibi wawili wazee wanacheka. Sikujua kama waliweka lifti.

Vitambaa vyeupe mezani. Vioo kila upande, jiji lote miguuni. Lakini macho yangu yakaenda nyuma ya ua kubwa la chungu, kwenye pembe. Nguzo yetu! Imepinda vile vile. Siku tuliyoimwaga, mimi ndiye niliyeegemea ubao kabla zege halijashika, nikasinzia kidogo. Mnyapara akasema wataweka ua. Kweli wameweka. Juu ya nguzo kuna ufa, unashuka kama mto kwenye ramani ya darasa la tano, darasa nililoishia. Mvua ikinyesha, maji yanaingia. Wameweka beseni ndogo ya shaba ili ionekane ni pambo.

Mwenye hoteli anavaa tai ndefu mpaka chini ya mkanda. Nitamwita Bwana Tai. Nikamtolea timazi mbele ya ile nguzo, kimya, kamba ikaning'inia, nguzo ikajiaibisha yenyewe. Bwana Tai akashika meza. Akasema alijua siku hii itafika. Akauliza kosa ni la nani. Nikasema kwa ukali kwamba msimamizi wa kazi kama hii angeitwa hapa hapa ajieleze. Nilikuwa nimenoga!

Nikamwambia nitarudi kesho mchana na mkubwa wangu, mzee asiyesema, tunataka meza ya dirishani. Akasema meza ni yangu, chakula ni changu, na aliyejenga atampigia simu kesho asubuhi.

Nilicheka nikishuka. Mnyapara Jumapili hapokei simu. Hulala.

Nilishuka kwa ngazi. Lifti siiamini.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Naandika siku hii polepole, nisiache kitu.

Nimempokea baba mkwe stendi. Amejifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini. Nikadhani ni vumbi la safari. Nikamwamkia, nikamuuliza wa nyumbani hawajambo. Akaitikia kwa pua. Nikambebea mfuko, nikaongea njia nzima peke yangu. Nikamwonyesha mtaa wa hoteli kwa mbali, nikasema wote hawa wateja wangu, yaani mimi mteja wao, leo wamefunga kwa heshima. Akanitazama. Nikajiona chini ya kisima.

Ghorofa ya kumi. Nilimpandisha kwa lifti nikiwa nimefumba macho. Bwana Tai alikuwa mlangoni na wahudumu wanne kwenye mstari. Karibu tena bwana, meza yako ile pale! Maneno yale yale niliyoyataka, neno kwa neno! Nikamtazama mzee. Hakuna kitu. Uso kama tofali.

Vyakula vikaanza kuja. Kuku wa kuokwa, ngozi inalia ukiigusa. Mikate yenye ganda gumu. Mbavu. Karanga za kukaanga za kupotezea muda. Mzee akainua mkate, akauangalia, akaurudisha. Kuku akamsukuma pembeni. Mbavu hakuzitazama. Moyo wangu ukashuka kwa ngazi, ghorofa moja moja. Nikajua ananidharau. Nikamsihi, Baba, onja walau kidogo. Akatikisa kichwa. Kwa sababu ya uchungu nikaanza kula mimi. Nikala kwa hasira. Nikashika paja la kuku, nikalitia meno yote.

Lifti ikafunguka. Akatoka Mnyapara.

Amevaa shati la Jumapili. Bwana Tai alimpigia mara kumi na saba, mke wa Mnyapara ndiye aliyepokea. Bwana Tai akamshika mkono, akamleta moja kwa moja mezani kwetu. Akasema, mheshimiwa mkaguzi, huyu hapa aliyejenga nguzo.

Mnyapara akatazama koti, akatazama pima maji mezani. Mwisho akatazama paja la kuku, upande ule ule wa jino. Mimi sikuweza kulitoa wala kulimeza. Nikasikia beseni ya shaba inadondokewa na tone la mvua ya usiku. Ti.

Nikaona visima vyote.

Lakini Mnyapara naye ana nguzo yake. Akimwambia Bwana Tai mimi ni mbeba karai wake, itabidi aeleze pia nani aliyeegemea ubao, na nani aliyesema wataweka ua. Nilimwona anapiga hesabu hiyo usoni. Akakohoa. Akasema ndiyo, huyu namjua sana, ni mtu wangu wa ukaguzi, nimemtuma mwenyewe kwa sababu kazi yangu siiamini mpaka ikaguliwe mara mbili, na kesho asubuhi anakuja kuuziba ule ufa kwa mikono yake. Bwana Tai akataka kulia kwa furaha. Kisha Mnyapara akainama sikioni pangu, na sauti yake ya kunong'ona inasikika mpaka chini barabarani, akaniuliza, na jino je, Karani, linaendeleaje?

Hapo mzee akafumbua mdomo mara ya kwanza tangu stendi. Akauliza, jino la nani?

Kumbe! Kile kitambaa si cha vumbi. Gego linamtafuna siku ya nne. Hajala tangu Alhamisi. Hakutaka kusema, maana amekuja kumkagua mkwe, na mtu hakagui huku analia jino. Aliposikia kuna mwenzake, akanishika mkono juu ya kitambaa cheupe, akasema, mwanangu, na wewe pia? Na unamtafuna kuku hivyo? Wewe ni mwanamume!

Sikumkatalia. Muda haukuwa mzuri.

Mnyapara, mtu wa magego mawili, akasahau nguzo, akasahau mimi, akamkalia mzee karibu wakaanza kuelezana maumivu. Linavuta au linapiga? Linavuta usiku, linapiga asubuhi. Akasema hapa hamna chakula cha mtu kama wewe, Mzee. Twende kwa Mama Sufuria.

Kwa hiyo tukaacha kuku na mbavu na jiji lote chini ya miguu, tukaenda kwenye ujenzi. Jumapili Mama Sufuria huwapikia walinzi. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa anapepeta maharage. Kabla hatujafika, akapaza sauti. Karani wangu! Umekula? Jino limelalaje leo? Walinzi nao wakadakia kutoka juu ya jukwaa, wakauliza habari za shavu. Yule mpika chai wa ng'ambo ya barabara akauliza. Hata mbwa wa getini alikuja kuninusa mdomo.

Mama Sufuria alimtazama mzee mara moja tu. Hakuuliza. Akabandika uji.

Mzee alikunywa bakuli la kwanza akiwa amesimama. La pili alikaa. La tatu alifungua kile kitambaa. Kisha akaongea. Baba mkwe wangu, ambaye nimemwoa binti yake miaka minne sasa na sijamsikia akimaliza sentensi, akaongea mpaka jua likageuka upande wa pili wa jengo. Akasema habari za kuku na uyoga hakuziamini hata siku moja, kwa sababu mtu aliyekula hasomi chakula kwa mpangilio wa ubaoni, na vinywaji mwishoni. Akasema binti yake naye haamini. Kila nikipiga, wanawake wa nyumba nzima hukaa karibu na simu kusikiliza, wakicheka mpaka wanashika mbavu, na siku nisipopiga nyumba hulala imenuna. Alichokuwa anaogopa ni kitu kingine. Mtu anayedanganya chakula labda hana hata wa kumuuliza kama amekula. Hilo ndilo alilokuja kuliona.

Akageuza bakuli akaonyesha kwamba limekwisha. Akasema, mwisho wa mwezi binti yangu atakuja. Kile chumba cha nyuma alichokwambia mwenye nyumba, kichukue.

Nilikwenda nyuma ya matofali. Vumbi liliniingia machoni. Vumbi jingi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mzee ameng'olewa jino asubuhi. Mnyapara mwenyewe alimpeleka, akamshika mkono. Amepanda basi mchana akicheka kwa pengo jipya. Amebeba chupa ya uji wa njiani.

Mimi na Mpiga Plasta tuko ghorofa ya kumi tunaziba ufa. Wiki nzima, bila nyongeza ya kitu. Mpiga Plasta analaumu, anasema yeye hakula hata mbavu moja. Mnyapara amesema ndoo za mchanga nipandishe kwa ngazi, nisichafue lifti. Bwana Tai bado ananiamkia mheshimiwa. Anasema hajawahi kuona mkaguzi anayejishusha hivi.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya wiki hii. Nimeona wazi: mpango ulikuwa mzuri mwanzo hadi mwisho. Nilitaka tukaribishwe mezani, tukakaribishwa. Nilitaka mzee aridhike, ameridhika. Hakuna hata msumari uliokaa vibaya.

Jioni nimempigia mke wangu. Akauliza nimekula nini. Nilikula maharage, mabakuli mawili, Mama Sufuria aliniwekea na ukoko. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya Hoteli ya Samaki, imefunguliwa, ubao mpya. Nikamsomea wote. Akacheka, na nyuma yake nikasikia nyumba nzima inacheka. Wanapenda sana vyakula vya hadhi. Nikaona niongeze kwamba chumba cha nyuma kina roshani. Hakina. Kina dirisha, na nje ya dirisha kuna jiwe kubwa. Mtu akisimama juu ya jiwe anaona mbali. Nina wiki tatu za kulitengeneza.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Jino limeanza kuuma. La kweli. Upande wa kulia, lile la paja la kuku.

Nimemwendea Mnyapara nimeshika shavu. Amecheka mpaka amekaa juu ya mfuko wa saruji. Amewaita mafundi wote wanitazame. Mpiga Plasta amecheka kuliko wote. Mama Sufuria peke yake hakucheka. Amenipokonya maharage, amebandika uji, amesimama mikono kiunoni.

Kesho nitamwambia Mnyapara ni goti.